Anza na giza: kuchora uso wa ikoni kwa njia ya Kibizanti

Kwa miaka kumi na minne kazi yangu mjini Kisumu ilikuwa kuandika mabango. Vinyozi wa Kondele, hoteli za samaki za Dunga, maduka ya mbegu, ubavu wa matatu za kwenda Busia: herufi zangu zilikuwa kila mahali, na kila herufi ilikuwa na kivuli. Mwenye duka akitaka jina lake lionekane limejitokeza ukutani, unalipakia weusi upande wa kulia, chini kidogo, naye analipa akiwa na furaha. Kwa hiyo nilipoanza kujifunza ikoni, yaani picha takatifu za kanisa letu la Kiorthodoksi, nilichora uso wa Kristo nikautia kivuli upande mmoja wa pua. Padre aliyekuwa akinifundisha aliutazama kitambo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, taa iko wapi?"

Nikamwonyesha dirisha. "Pale, Baba."

"Basi dirisha likifungwa, Kristo atazimika?" Akachukua kitambaa chenye maji akakifuta kile kivuli. "Hapa nuru haiji kutoka nje. Anza na giza, ongeza nuru kidogo kidogo, ukifika juu simama."

Maneno hayo ndiyo ninayowapa vijana wanaokuja kwangu kila Jumamosi, na ndiyo njia nitakayoieleza hapa. Ukiifuata utapata uso mmoja, mkubwa kama kiganja, kwenye ubao wa sentimita 20 kwa 25. Tenga wiki tatu, na nyingi ya siku hizo ni za kungoja kitu kikauke. Historia nitaisema pale inapogusa kazi ya mkono, maana katika sanaa ya Bizanti, ile dola ya Roma ya Mashariki iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, ni vigumu kuelewa kwa nini brashi inapita hapa na si pale bila kujua yaliyotokea.

Ubao na kuusiriba

Nenda kwa maseremala wa Kibuye uombe mbao ya saiprasi iliyokauka vizuri, unene wa sentimita mbili na nusu. Mkaratusi uache, hupinda. Kabla hujalipa tazama kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokatia: mistari ikiwa imesimama wima kama meno ya kitana, chukua, ikiwa imejikunja kama upinde, rudisha. Mwambie fundi akutilie papi mbili nyuma, zikikatiza mkondo wa mbao. Mafundi wa Bizanti walifanya vivyo hivyo, na sisi tulio kando ya ziwa tuna sababu zaidi, kwa kuwa unyevu wa hewa hapa hauchezi. Mtakatifu Nikolasi wangu wa kwanza nilimchora kwenye ubao ambao sikuukagua. Mvua ya Aprili ilipoanza ulipinda, na ufa ukapita katikati ya paji la uso. Kazi ya mwezi mzima ilikwenda.

Ubao ukishapatikana, unausiriba. Nyanya yangu kule Bunyore alisiriba nyumba yake kila Desemba kabla wageni wa Krismasi hawajafika: kwanza udongo mzito, kisha udongo laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, mwisho udongo wa rangi. Hakuthubutu kupaka tabaka la pili wakati la kwanza lingali bichi. Ikoni inataka subira hiyohiyo.

Loweka gramu 70 za gundi ya ngozi katika lita moja ya maji usiku kucha. Ukiikosa gundi hiyo, jelatini isiyo na sukari wala rangi, ile ya waoka keki, inafaa. Asubuhi weka chombo ndani ya sufuria yenye maji moto mpaka gundi iyeyuke. Isichemke hata kidogo, maana gundi iliyochemka hupoteza nguvu. Upake ubao mara moja, uache ukauke. Kisha chovya kipande cha marekani ndani ya gundi, ukitandaze juu ya ubao, ukikandamize kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni hadi pasibaki pumzi chini yake. Hicho kitambaa ndicho kitakachozuia nyufa ndogo za mbao zisipande juu hadi kwenye picha.

Siku ya pili nyunyizia ndani ya gundi vuguvugu unga mweupe wa chaki, ule unaotengenezewa puti ya vioo, mpaka upate kitu kama uji mwepesi. Usinunue chokaa ya kupakia nyumba, inaunguza ngozi na itaharibu rangi. Paka matabaka manane, membamba, moja kwa urefu na linalofuata kwa upana, ukingoja kila moja likauke kivulini. Ukianika juani litapasuka. Mwisho piga msasa namba 180, kisha 400, ukiwa umevaa barakoa, hadi uso wa ubao uwe laini kama ganda la yai. Weupe huu tutauhitaji baadaye: rangi tutakayoichanganya na kiini cha yai hupitisha nuru, na nuru hiyo ikigonga chaki hurudi kwa mtazamaji.

Pua ndiyo kipimo

Sasa kuchora. Chukua uzi, msumari na penseli. Amua urefu wa pua, tuseme sentimita tatu. Weka ncha ya msumari kwenye mzizi wa pua, katikati ya macho. Zungusha duara la kwanza lenye nusu kipenyo cha pua moja: ndani yake yataingia paji la uso na mashavu. Zungusha la pili, pua mbili: hapo ndipo nywele zinapoishia juu na kidevu kinapoishia chini. La tatu, pua tatu, linashuka hadi kishimo cha koo, na mara nyingi ndilo duara la nuru linalozunguka kichwa. Kwa pua moja umepata kichwa kizima. Wachoraji wa Bizanti walikuwa na kipimo hiki mkononi, ndiyo maana nyuso za Sisilia, za Ugiriki na za Serbia zinafanana kama ndugu.

Macho yawe makubwa kuliko unavyoona kwenye kioo, pua nyembamba na ndefu, mdomo mdogo uliofungwa. Vijana huniuliza kama Wabizanti hawakujua kuchora mtu alivyo. Walijua. Huko Misri, katika bonde la Fayumu, tangu karne ya 1 hadi ya 3, wachoraji walichora sura za watu kwa nta ya moto kwenye vibao vilivyofungwa juu ya maiti zilizohifadhiwa. Ukiziona utadhani mtu anataka kukusalimia. Sanaa ya ikoni imekunywa kutoka kisima hicho. Ikoni ya Kristo iliyoko katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya Mlima Sinai, ya karne ya 6, nayo imechorwa kwa nta.

Itafute ikoni hiyo, uichapishe hata kwa karatasi ya kawaida, kisha ziba nusu ya uso kwa bahasha. Upande ulio kushoto kwako, jicho limetulia na nyusi imelala. Hamisha bahasha. Upande wa kulia kwako, nyusi imepanda, shavu limeingia kivulini, mdomo umeshuka pembeni, na jicho linakuhoji. Wengi husoma humo asili mbili za Kristo, ya Mungu na ya binadamu. Mimi huwaambia vijana wangu waichore mara kumi kwa penseli kabla hawajagusa rangi, nusu moja kwanza, halafu nyingine.

Swali la majirani

Hapa lazima nisimame kidogo. Sehemu zetu hizi zimejaa Wakristo wasioweka picha kanisani. Marafiki, yaani Wakristo wa madhehebu ya Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, na mapokeo yao ni nyumba tupu na kimya. Jirani akiingia kwetu akaona watu wanabusu ubao huuliza, "Ndugu, mnaabudu picha?" Sijawahi kuchukia kuulizwa. Swali hilo liliigawa Konstantinopoli yenyewe kwa zaidi ya miaka mia. Kaisari Leo wa Tatu alianza kuzipinga picha takatifu katika miaka ya 720, na chini yake na waliomfuata zilifutwa na kuvunjwa, na waliozitetea wakateswa. Mwaka 787 mtaguso wa pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulizirudisha. Mwaka 815 zikapigwa marufuku tena, mpaka Malkia Theodora aliporudisha heshima yake mwaka 843, jambo ambalo sisi Waorthodoksi tunaliadhimisha kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Sinai ilikuwa chini ya utawala wa Waislamu, mkono wa kaisari haukufika huko, na ndiyo sababu ikoni zake za zamani zimesalia. Yohane wa Dameski, mtetezi mkubwa wa picha, naye aliishi na kuandika chini ya utawala huohuo.

Jibu la Nikea ndilo ninalompa jirani: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, picha inapewa heshima, na heshima hiyo inapita kwenda kwa yule aliyechorwa. Kwa mchoraji, jibu hilo lina masharti. Kama heshima inapita kwa mwenye picha, basi lazima mwenye picha ajulikane. Huwezi kujitungia sura. Petro ana nywele fupi nyeupe za mapindo na ndevu za duara. Paulo ana upara na ndevu ndefu nyeusi. Nikolasi ana paji pana la uso. Yohane Mbatizaji ana nywele zilizotimka. Yule bibi kizee asiyejua kusoma akiingia kanisani amtambue Paulo kutoka mlangoni, kama anavyomtambua mjomba wake sokoni.

Yai, udongo na masizi

Rangi tunatengeneza wenyewe. Pasua yai la kienyeji, ondoa ute, kigeuze kiini kutoka kiganja hadi kiganja ukifuta mkono kila mara hadi kikauke nje. Kishike ngozi yake kwa vidole viwili, kitoboe chini kwa ncha ya kisu, kiini kidondoke kwenye kikombe, ngozi ibaki vidoleni. Ongeza maji kiasi sawa na kiini na matone ya siki ili kisioze haraka. Kwa joto la Kisumu, kesho yake asubuhi kimwage, utengeneze kipya.

Nyekundu ninaitoa Bunyore. Koroga udongo ndani ya ndoo ya maji, hesabu hadi sitini mchanga uzame, kisha mimina yale maji mekundu kwenye ndoo nyingine. Yaache yatulie usiku. Tope laini litakalobaki chini ukilianika na kulisaga juu ya kioo ni ngeu safi, ileile ambayo seremala angepigia mistari. Njano ni okra ya dukani, yaani udongo wa manjano wa rangi, si bamia. Nyeusi ni masizi ya taa, lakini masizi hukataa maji, kwa hiyo yalainishe kwanza kwa tone la spiriti. Nyeupe nunua ya titani, ya unga. Changanya kila rangi na maji iwe kama dawa ya meno, halafu na yai kiasi kilekile. Jaribu kwenye kioo: ikikauka ikabanduka kama ngozi, yai linatosha, ikifutika kwa kidole kama vumbi, ongeza yai.

Kutoka gizani

Changanya okra na masizi kidogo sana, ncha ya kisu tu, na ngeu kiasi cha punje. Utashangaa kuona rangi imegeuka kijani kama jani la mwarobaini lililokauka. Wagiriki huiita proplasmos. Darasani kwetu tunaiita msingi. Paka uso wote na shingo kwa msingi huu, tabaka mbili tatu jembamba. Kisha rudia mistari ya macho, nyusi, pua na mdomo kwa kahawia iliyokolea. Kijana mmoja alipofika hapa mara ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, anafanana na mgonjwa." Nikamwambia avumilie saa moja.

Nuru ya kwanza: chukua msingi, uongeze okra, ngeu kidogo na nyeupe kidogo. Paka paji la uso, mgongo wa pua, mashavu na kidevu. Usiguse kuzunguka macho, ubavu wa pua, chini ya mdomo na ukingoni mwa uso. Hizo sehemu si vivuli vilivyoongezwa, ni giza la mwanzo lililoachwa. Nuru ya pili: ongeza okra na nyeupe, paka eneo dogo zaidi ndani ya lile la kwanza. Nuru ya tatu, dogo zaidi tena. Rangi ya yai hukauka ndani ya sekunde chache, huwezi kuisugua ikayeyukiana kama mafuta. Kuunganisha nuru moja na nyingine ni kazi ya ncha ya brashi namba moja, mistari myembamba iliyosongamana ikifuata umbo la shavu. Baada ya hapo ngeu nyepesi kama chai kwenye mashavu na mdomo wa chini. Mwisho kabisa nyeupe tupu: mistari miwili mitatu chini ya jicho, mmoja juu ya nyusi, doa kwenye ncha ya pua. Simama hapo. Kosa ninaloliona zaidi ni mchoraji aliyefurahia nyeupe akaendelea, uso wote ukawa kama umepakwa unga.

Ukali wa hatua hizi ulibadilika kwa nyakati. Katika mozaiki, yaani picha za vipande vidogo vilivyopangwa ukutani, za San Vitale, mjini Ravenna, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 547, Kaisari Justiniani na mkewe Theodora, si yule wa mwaka 843, wamesimama wakikutazama ana kwa ana, na mstari ndio unaotawala. Lakini tazama katika Hagia Sofia, lile kanisa kuu la Konstantinopoli, mozaiki iitwayo Deisis (Kristo kati ya Mama yake na Yohane Mbatizaji), iliyowekwa karibu na mwaka 1261 baada ya Wabizanti kuuchukua tena mji wao uliotekwa na wapiganaji wa msalaba mwaka 1204. Shavu la Kristo pale limegeuzwa kwa vipande vidogo mno, kutoka kijani hadi waridi, kiasi kwamba huoni hatua inapoanzia. Mimi naipenda ile kuliko zote, na nadhani mji uliokwisha kupoteza kila kitu ndio ungeweza kuichora huruma namna ile.

Wapo wanaouliza kama watakatifu wote lazima wawe na ngozi nyeupe. Tazama Faras. Ni mji wa zamani wa Nubia, kwenye mpaka wa Sudan na Misri, na kanisa lake kuu lilikuwa limefukiwa na mchanga. Mapema katika miaka ya 1960, kabla ziwa la bwawa la Aswan halijaumeza, Wapolandi wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walilifukua, wakabandua zaidi ya michoro 100 ukutani. Ikagawanywa kati ya Khartoum na Warsaw. Mmoja unamwonyesha askofu Petros, Mnubia, uso wake kahawia iliyokolea, na nyuma yake mtume Petro, mwenye uso mweupe zaidi, amemwekea mikono mabegani. Waafrika walichora kwa lugha ya Bizanti zaidi ya miaka elfu iliyopita na wakajichora walivyo.

Kwa hiyo ukimchora Musa Mwethiopia, mtawa wa jangwa la Misri wa karne ya 4, usianze na nyuso za Kigiriki ukazitia weusi juu. Msingi utie ngeu zaidi na okra kidogo. Nuru ya kwanza iwe ngeu na okra, ya pili okra zaidi, na nyeupe ingoje hadi mstari wa mwisho. Njia ni ileile, giza kwenda nuru, na ngozi nyeusi huipokea vizuri ajabu: nuru chache, na uso unawaka.

Nyuma yake na jina lake

Nyuma ya kichwa hakuna anga wala nyumba. Katika Hagia Sofia, iliyojengwa kati ya 532 na 537, kuba lina madirisha 40 kwenye kitako chake, na dhahabu ya mozaiki ni jani jembamba lililobanwa kati ya vioo. Kila kipande kimewekwa kikiinama kidogo tofauti na mwenzake, hivyo mtu akitembea, ukuta unametameta. Dhahabu ya kweli ni ghali. Paka okra ya manjano tabaka nne, kama walivyofanya wachoraji wengi wa vijijini Ugiriki na Urusi, na haitapungukiwa na heshima.

Mpaka sasa hiyo bado si ikoni. Inakuwa ikoni ukiandika jina. Kwa Kristo ni IC XC, herufi za kwanza na za mwisho za Yesu Kristo kwa Kigiriki, kila jozi na kistari juu yake. Ndani ya msalaba wa duara la nuru ni O ΩN, yaani Aliyepo. Kwa Mama wa Mungu ni MP ΘY. Kwa watakatifu wetu mimi huandika kwa Kiswahili, chini ya Kigiriki, ili bibi aliyejifunza kusoma uzeeni apate lake. Tumia ngeu na brashi ileile namba moja. Miaka yangu ya mabango inanisaidia hapa, ila herufi hizi hazina kivuli.

Ngoja miezi mitatu kabla ya kupaka mafuta ya kitani, kwa kiganja, yakiwa membamba sana. Jina lako usiliweke mbele. Wachoraji wa Krete walipoanza kutia saini waliandika tu "mkono wa fulani". Mimi huandika nyuma, kwa penseli, kati ya zile papi mbili: mwezi na mwaka, mbao ni ya mti gani, gundi ni ipi, udongo umetoka wapi. Atakayeitengeneza ikipata ufa atahitaji kujua.